Papa Mulumba, Aliyefuta Herufi Moja Tu

Kwa heshima zote zinazostahili, Atelie Jina Muzuri ya soko la Kashikishi inawatangazia wateja wake, marafiki wake, na watu wote wanaopita kila siku mbele ya mulango wake bila kuingia, kwamba kuanzia Jumamosi tarehe 18 Desemba 1999, lile kopo la maziwa ya unga linalokaa dirishani, lenye pinso, zile brashi za kuandikia herufi, ndani yake, kopo ambalo hakuna mutu mwingine aliyeruhusiwa kuligusa, sasa litaguswa.

Wengine watauliza: na hiyo njo habari? Ndiyo, njo habari. Kopo hilo ni la Papa Grégoire Mulumba, mwandishi wetu wa herufi, ambaye siku hiyo anastaafu baada ya kututumikia miaka minne kasoro kidogo. Tunajua kwamba katika ofisi kubwa za Lubumbashi na Ndola miaka minne ni muda wa mutu kuzoea kiti chake. Lakini Atelie yenyewe haina umri zaidi ya huo. Papa Mulumba ni mufanyakazi wetu wa muda mrefu kuliko wote, na atakayetaka kubishana aanzishe atelie yake.

Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi miaka ishirini na zaidi kule Likasi, katika kampuni moja ya shaba, akiandika vibao vya hatari. Kazi ilikuwa neno moja, kwa Kifaransa, na chini yake kichwa cha mufu chenye mifupa miwili. Aliandika neno hilo kwenye nguzo za umeme, kwenye mashimo, kwenye mapipa ya asidi, na mara moja, kwa kukosea, kwenye mulango wa kantini, ambapo wafanyakazi waliomba liachwe. Yeye mwenyewe anasema kwa fahari kwamba hakuna mutu hata mmoja aliyewahi kufa chini ya kibao chake. Waliokufa walifia kando kidogo.

Likasi aliiacha mwaka ule ambao watu wengi wenye asili ya Kasai, kama yeye, waliiacha, yaani haraka, kwa kufukuzwa, na bila kuulizwa kama wamemaliza kazi. Wengine walipanda treni. Papa Mulumba na muke wake, Mama Stéphanie, waliona treni imejaa, wakafuata njia ya ziwa: Kasenga, Kilwa, halafu mutumbwi mupaka upande huu wa Zambia, yeye akiwa ameshika pinso zake ndani ya shati kama mutu aliyeficha kuku.

Upande huu ndipo alipokutana na Mama Colette Ngalula, ambaye leo ni patron wetu, mwenye Atelie, na wakati ule alikuwa muuzaji wa chisense, wale samaki wadogo wakavu wanaotoka hapa kwa magunia. Magunia ya Mama Colette yalikuwa yanachanganyika na ya wenzake ndani ya lori. Siku moja, kwa hasira, alichovya kiganja chake katika rangi ya bluu akakipiga kwenye kila gunia. Alitaka tu kujua lipi ni lake. Lakini wanunuzi wa mujini wakaanza kuuliza: leteni ile ya mukono. Baada ya muda mufupi soko lote la Kashikishi likawa na viganja vya bluu, na wanawake ambao hawakunawa rangi vizuri wakajulikana kwa mbali. Mwingine angegombana. Mama Colette alikaa juu ya gunia akafikiri: kama watu wanaiba alama, basi alama ina bei kuliko samaki. Akaacha samaki. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Atelie, mwezi wa tatu wa 1996: kutafutia watu majina, alama na rangi, kazi ambayo Wafaransa wanaiita piblisite na mama mukwe wake aliiita uvivu.

Alichokosa ni mukono unaojua kuandika. Aliupata ufukweni. Papa Mulumba alikuwa anaandika namba kwenye mutumbwi wa mutu, huku akimweleza mwenye mutumbwi kwamba namba yenyewe ni mbaya na angefaa kuomba nyingine. Mama Colette alimuuliza kama anaweza pia kuchora samaki.

“Mama,” Papa Mulumba akajibu bila kugeuka, “miaka yote mi nachora kifo. Samaki njo itanishinda?”

Akaajiriwa palepale.

Ukweli ni kwamba samaki haikumshinda. Kilichomshinda ni watu. Kibao chake cha kwanza kilikuwa cha Davison, kinyozi wa karibu na njia ya Nchelenge, na kilitakiwa kuonyesha kijana aliyenyolewa vizuri, akicheka. Lakini mukono uliozoea kichwa cha mufu hauachi ghafla. Kijana alitoka na macho mawili meusi yenye kina, pua hakuna, na meno yote thelathini na mawili yakiwa nje. Watoto walikuwa wanalia wakipita. Davison hakulalamika, kwa kuwa wateja waliingia kwa wingi kuuliza ni nini kilimpata yule wa kwanza. Lakini kibao cha pili, cha Mama Idah wa maandazi, kilipotoka na mama mwenye tabasamu ileile, Mama Colette alitoa sheria ambayo ni sheria mupaka leo: midomo yote ifungwe. Ndiyo maana mugeni anayefika Nchelenge na kuangalia vibao vyetu anadhani sisi ni watu wenye msiba. Hatuna msiba. Tuna Papa Mulumba.

Herufi, lakini, ni kitu kingine. Hapo hatuna mzaha. Herufi zake zilisimama kama askari siku ya mushahara. Hakupima kwa kamba, hakuchora kwanza kwa penseli, na juu ya yote, hakufuta. Hili alilisema kwa kila muteja, kwa kila mufanyakazi, na siku za Jumapili kwa pasta wake: “Mi sifutake. Mutu anayefuta alianza bila kujua anakwenda wapi.” Kama pinso iliteleza, aliigeuza ile teleza kuwa jani, ao mukia wa samaki, ao jua. Vibao vyetu vya mwaka wa kwanza vina jua mingi.

Ofisi yetu ilikuwa, na bado ni, chumba kimoja nyuma ya kigayo cha kusaga mihogo. Mashine ya kigayo ikiwaka, chumba chote kinatetemeka, na meza, na kopo, na Papa Mulumba. Kwa hiyo herufi alizoandika asubuhi, wakati wa wanawake wengi wenye mihogo, zilikuwa na mawimbi madogo ukingoni. Tulikuwa tunajiandaa kuomba radhi. Wateja wakatutangulia: walizitaka hizo. Walisema zinaonekana kama maji. Ikafika siku ambapo muteja alitaka herufi za mawimbi na kigayo hakikuwa na mafuta, na tulimwona mutu muzima, mwandishi wa vibao vya hatari, akigongesha meza kwa goti lake mwenyewe huku anaandika.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo bila hilo wasifu huu ungekuwa wa kawaida, na mwenyewe angependa tuliruke.

Mwaka wa 1998 alifika Kashikishi bwana mmoja kutoka Kalemie, jina lake Papa Michée. Alikuwa ameugua sana, akapona, na kwa shukrani kwa Mungu alinunua boti kubwa yenye injini, ya kubeba watu na samaki kati ya Kashikishi na kisiwa cha Chisenga. Akaja kwetu akitaka jina. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Wenye boti wengine sita ao saba walikuwa wanaangalia: kama boti ya Papa Michée ikipendeza, wataleta zao, kama haikupendeza, Mama Colette arudi kwenye chisense, na sisi wengine turudi kule tulikotoka, ambako kwa wengi wetu hakuna tena kule.

Papa Michée alieleza ugonjwa wake kwa urefu, viungo kwa viungo. Papa Mulumba akasikiliza, akafunga macho, akasema neno moja: PONA. Wote tuliokuwepo tulipiga makofi. Neno fupi, zuri, la Kikristo, linaloingia vizuri ubavuni. Wote tuliokuwepo, ni vema kusema, tulikuwa Wakongomani. Dada Ireen Chalwe, Muzambia pekee wa Atelie, anayeshughulika na wateja wa Kibemba, alikuwa Kafutuma kwa dada yake aliyejifungua.

Papa Mulumba aliandika PONA ufukweni, pande zote mbili za boti, herufi nyeupe juu ya bluu, ndefu kama mukono wa mutu muzima, na miale ya jua kuzunguka. Watu wa Kashikishi walipita, wakasimama, wakasoma, wakacheka sana, wakaenda kuita wenzao. Alifurahi. Alituambia: “Munaona? Hii njo piblisite. Batu banaita bengine.”

Jumamosi ya kwanza boti ilipotakiwa kuondoka, Wakongomani walipanda. Wanawake wa Zambia wanaokwenda Chisenga kununua samaki, ambao ndio wengi na ndio wenye vikapu, walisimama kwenye muchanga. Mbele yao alikuwa Ba Beauty, mwanamuke ambaye akikaa, soko linakaa, na akisimama, soko linasimama. Alisoma ubavu wa boti kwa sauti, halafu akawageukia wenzake.

“Mwe bantu! Ubu bwato buletila pona!”

Wakacheka, lakini hakuna aliyepanda. Papa Michée akaomba atafsiriwe. Ba Beauty akamtafsiria kwa Swahili ya soko, taratibu, kama mutu anayemuonyesha mugeni mahali pa choo: kwa Kibemba, pona maana yake ni anguka. Boti yake ilikuwa inawaambia abiria, kwa herufi kubwa, pande zote mbili, pamoja na jua: anguka.

Papa Mulumba hakukimbia. Alipanda juu ya boti akawahutubia. Aliwaeleza kwamba pona ni neno la Swahili, la kale, la heshima, linapatikana katika Biblia, na kwamba boti haisemi anguka bali pata afya. Ba Beauty alimsikiliza mupaka mwisho, kichwa kimeinama kwa adabu.

“Nimesikia, Papa,” akasema. “Wewe unasema Swahili. Mimi nasikia Swahili kidogo. Lakini hii maji ni ya huku. Inasikia Kibemba tu.”

Boti ikaondoka na Wakongomani wanane na mbuzi.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Kila asubuhi boti iliondoka karibu tupu, na kila jioni Papa Michée alipita kwetu kusema ni mafuta kiasi gani yamechomwa kubebea upepo. Wale wenye boti wengine, waliokuwa wameahidi kuleta zao, walikuja mmoja mmoja kutuambia kwamba wamefikiri, na wangependa kwanza kungojea kidogo. Ijumaa Papa Michée alisema wazi: jina libadilike mupaka Jumapili, ama ataiondoa boti ufukweni na kuipeleka Mofwe, na atawaambia watu wa huko na wa hapa ni nani aliyeiandika. Mama Colette alianza kukunja magunia ya zamani yaliyokuwa chini ya meza, yale ya viganja vya bluu, kama mutu anayeangalia kama yangali yanafaa.

Jioni ileile Dada Chalwe akarudi kutoka Kafutuma. Alishuka ufukweni, akaiona boti, akakaa kwenye muchanga. Alicheka mupaka akashika tumbo. Alipoweza kusema, alisema jambo moja tu: wamekosa kwa herufi moja. Kwa Kibemba, kupata afya ni pola. Toeni N, wekeni L, na hata Ba Beauty atapanda na mama yake.

Tulimgeukia Papa Mulumba wote. Naye alikuwa anaosha pinso.

“Mi sifutake,” akasema.

Chalwe akamkumbusha kwamba ni herufi moja. Akajibu kwamba hata kifo huchukua mutu mmoja tu. Chalwe akamwambia kwamba watu hawapandi. Akajibu kwamba watajifunza Swahili. Chalwe akasema, “Basi, Papa, utakuwa umefundisha ziwa zima, lakini hutakuwa na kazi,” akaondoka na hasira, na kwa kweli yeye ndiye tuliyemwona wa maana zaidi usiku ule.

Lazima tueleze hapa, kwa ajili ya vijana watakaosoma, kwamba Papa Mulumba hakuwa anakataa kwa kiburi peke yake. Mutu aliyepoteza nyumba, muji, kazi na majirani kwa wiki moja, anabaki na vitu vichache ambavyo ni vyake. Yeye alibaki na pinso na sentensi moja. Tulikuwa tunamuomba sentensi.

Kesho yake asubuhi, jua likiwa tayari limepanda na ufuko umejaa watu, Mama Colette alimkuta amekaa karibu na boti. Mama alikuwa amebeba kitambaa na chupa ya petroli. Hakumpa. Aliviweka chini kati yao, akakaa pembeni.

“Papa Mulumba, sikuja kukuomba ufute,” akasema. “Nimekuja kukuuliza kitu kimoja, unijibu kama muzee. Kesho kutwa tunaandika ao tunauza samaki? Juu kama ni samaki, inafaa niende kutafuta chumvi leo.”

Papa Mulumba aliangalia ziwa. Halafu aliangalia ile N, ambayo, tuseme haki, ilikuwa N nzuri kuliko zote zilizowahi kuandikwa kati ya Pweto na Kasenga. Kisha akachukua kitambaa, akakilowesha, akaanza kupanguza ubavu wa kulia. Alianza na mguu wa mwisho. Halafu ule mustari wa kuinama katikati. Alipofika mguu wa kwanza, alisimama akauacha, kwa sababu L nayo inahitaji mguu. Machozi yalikuwa yanamtiririka mupaka kidevuni, na Ba Beauty, ambaye alikuwa amesogea karibu na kikapu chake, akamuuliza kwa upole kama ni uchungu.

“Ni petroli,” akasema.

“Eya mukwai, ndiyo Papa,” akajibu Ba Beauty. “Petroli ni mubaya sana.”

Akaweka kikapu chake chini, akakaa juu yake, na hakuondoka mupaka L ilipokauka. Halafu akapanda. Nyuma yake soko lote likapanda.

Hapa ndipo wasifu wa mutu mwingine ungemalizika. Lakini Papa Mulumba, kwa uchovu ao kwa ukaidi, alikuwa amefuta upande mmoja tu. Alisema ubavu wa kushoto ataushughulikia Jumatatu, kwa sababu mutu hawezi kufuta mara mbili kwa wiki moja baada ya kutofuta maisha yote. Na siku ileile boti ilipofika Chisenga, Wakongomani wanaovua na kuuza kule walisoma ubavu wa kulia, POLA, wakarudi nyuma. Kwa Swahili yetu, kila mutu anajua, kitu kilichopola ni kitu kilichopoa, kilicholegea, kilichozimika. Soko ikipola, hakuna muteja. Injini ikipola katikati ya ziwa, mupige kasia.

“Papa Michée,” mmoja akapiga kelele kutoka ufukweni, “umetuletea boti ao maiti ya boti?”

Papa Michée alirudi kwetu na uso ambao Papa Mulumba angeweza kuuchora bila shida. Lakini kabla hajafungua mudomo, Papa Mulumba aliinua kidole, na ilikuwa mara ya kwanza tangu wiki ile mbaya ianze kumuona anafurahi. Aliuliza: kwa nini nifute upande wa kushoto? Watu wa huku waone kulia. Watu wa kule waone kushoto. Kila mutu asome ubavu wake apate afya.

Ndivyo ilivyofanyika, na ndivyo inavyofanyika mupaka leo. Ikifika Kashikishi, boti inaegeshwa ubavu wa kulia ukitazama soko: POLA. Ikifika Chisenga, ubavu wa kushoto: PONA. Wanawake wa Zambia wakiwa kule wanaliona lile neno baya, lakini mutu aliyekwisha kununua samaki hasomi, anapanda. Aliyeumia ni nahodha, kijana wa Nchelenge anayeitwa Obvious, ambaye wakati wa upepo anageuza boti mara tatu ndani ya maji ya magoti ili neno sahihi liangalie watu sahihi. Wiki ya kwanza alimuuliza Papa Michée mbele ya abiria: “Mukwai, mumeniajiri kuendesha boti, ao kuendesha alfabeti?”

Baada ya hapo wenye boti wote walirudi. Walileta boti zao, na wengine walisisitiza kuandikiwa maneno mawili tofauti hata pale ambapo moja lilitosha, kwa sababu sasa boti ya neno moja ilionekana ya masikini. Atelie ikapata sheria yake ya pili: hakuna neno linaloguswa na rangi kabla Chalwe hajalisoma kwa Kibemba, Mama Colette kwa Swahili na Kifaransa, na mutu mmoja asiyejua kusoma kabisa hajaliangalia kama ni zuri. Huyu wa mwisho ametuepusha na makosa mengi kuliko wale wawili. Kwa njia hiyo tumeandika maduka, makanisa mawili, kigayo chenyewe, na kibao cha kuonyesha njia ya zahanati, ambacho Papa Mulumba alikiandika bila kichwa cha mufu baada ya maombi ya pamoja.

Kuhusu kustaafu kwake, tuliambiwa tuandike kwamba ni umri. Tunaandika kwamba ni umri. Mwezi wa nane mwaka huu mashine ya kigayo ilivunjika, ikakaa kimya wiki tatu. Wateja wakaendelea kuagiza herufi za mawimbi, na Papa Mulumba akaendelea kuziandika, bila kugongesha meza. Ilichukua siku kadhaa kabla ya Mama Colette kusimama mulangoni, kusikiliza ule ukimya, na kuangalia mukono wake. Hatujui ni kwa muda gani mukono umekuwa ukitetemeka. Kigayo kilikuwa kinaficha. Alipoulizwa, Papa Mulumba alisema mukono wake hauna shida, ni ukuta. Halafu akaomba kikombe cha chai, akakishika kwa mikono miwili, na hakusema tena habari ya ukuta.

Kazi yake ya mwisho ni jina la duka la binti yake, Arlène, anayeuza nyavu na ndoana kule Chisenga. Aliiandika mwezi uliopita, kwa siku nne, herufi sita na jua moja. Jua ni kubwa. Hatukuuliza lilitoka wapi.

Amesoma wasifu huu kabla haujachapwa na ana lalamiko moja. Anasema kichwa chake ni uongo: yeye hakufuta herufi, alifuta miguu miwili ya herufi yenye miguu mitatu, na tofauti ni kubwa. Anataka tusahihishe. Tumekataa. Kichwa kilishaandikwa, na yeye ndiye aliyetufundisha.

Papa Mulumba, asante kwa midomo uliyoifunga na kwa jua zote ulizotuachia. Asante kwa ile sentensi uliyotupa siku ya petroli, ambayo hakuna hata mmoja wetu angeweza kuitoa kama ingekuwa yake. Uende Kafutuma na Mama Stéphanie, mulime mihogo, mule samaki ambayo hukuchora, na mukono wako upumzike bila mutu kuuangalia. Ukiwa na nafasi, pita utugombeze. Tunakuombea siku nzuri, nyingi, zenye herufi kubwa.

Sherehe ya kumuaga itafanyika Chisenga, mbele ya duka la Arlène. Usafiri ni boti ya Papa Michée, inaondoka ufuko wa Kashikishi saa tatu asubuhi. Wageni wasiulize iko wapi boti ya Pona, wala boti ya Pola, hakuna atakayewaelewa. Watu wa pande zote mbili, toka siku ile ya kwanza, wanaiita Yamaha, jina lililoandikwa na kiwanda kwenye injini.